Sensa ya Nyasi Kando ya Mawe ya Stonehenge



Wengi wenu mnaoishi nchi hii mmekwishafika Stonehenge. Wageni wakitujia kutoka nyumbani tunawapeleka London kwanza, wapige picha mbele ya saa kubwa, kisha Jumamosi inayofuata tunawapakia garini kwenda kuyaona mawe. Wanazunguka kwenye kijia, wanauliza nani aliyanyanyua, wanalalamika baridi, tunarudi. Makala haya hayahusu mawe, ingawa tutayataja. Yanahusu kile ambacho wageni wetu hukikanyaga bila kukitazama: nyasi.

Kwa misimu mitatu ya kiangazi sisi watano, wote Waswahili kwa lugha na watu wa Tanga, Mombasa na Unguja kwa asili, tumekuwa tukijitolea kuorodhesha mimea ya porini katika mashamba na miteremko inayozunguka mahali pale. Wawili kati yetu ni wahandisi tuliovuka miaka hamsini. Mmoja ni muuguzi, mmoja ni dereva wa basi, na wa tano ni bi mkubwa wa miaka sabini na kitu ambaye sote tunamwita Mama Mkubwa, hata wasio na udugu naye. Mara nyingine tunafuatana na watoto wetu, kwa hiari yao au bila hiari.

Kwanza, mahali penyewe. Stonehenge, pamoja na Avebury iliyo kaskazini yake, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1986. Handaki na boma la udongo vilichimbwa kama miaka 5,000 iliyopita, na mawe makubwa yakasimamishwa kama karne tano baadaye. Mengi ya mawe madogo yalitoka milima ya Preseli huko Wales. Mwaka 2024 wanasayansi walionyesha kwamba lile linaloitwa Jiwe la Altare lilitoka kaskazini-mashariki ya Scotland, zaidi ya kilomita 700. Dereva wetu aliposikia habari hiyo alisema, "Kumbe na yenyewe yamehamia." Tulicheka, lakini maneno yake yalitukaa.

Tofauti na mawe, nyasi ni wenyeji. Wanaakiolojia wanapochimba pale hukuta magamba ya konokono wadogo katika udongo wa kale. Wapo konokono wa msituni na wapo wa mahali peupe, kwa hiyo kwa kuwahesabu huweza kujua ardhi ilikuwaje. Magamba hayo yanaonyesha kwamba wajenzi walipokuwa wakiyasimamisha mawe, sehemu kubwa ya eneo lile ilikuwa tayari ni uwanda wa nyasi unaolishwa mifugo.

Sasa turudi kwetu sisi wahandisi. Tulifika nchi hii mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuchukua shahada ya uhandisi wa ujenzi, na tangu hapo kazi yetu imekuwa barabara na mifereji. Katika mchanganuo wa gharama za mradi wowote, kazi ya kwanza kuandikwa ni kusafisha eneo. Unakwangua majani na vichaka, unaondoa udongo wa juu, unaurundika pembeni, ndipo kazi inayoitwa kazi inaanza. Kwenye michoro yetu nyasi hazina alama. Pale penye nyasi karatasi huachwa nyeupe. Ndivyo taaluma inavyofundishwa, London na Dar es Salaam vilevile. Ilitupasa kupiga magoti mbele ya kipande cha ardhi cha mita 2 kwa 2 ndipo tuone kilichomo ndani ya ule weupe.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Unachukua vigingi vinne na kamba, unapima mraba wa mita 2 kwa 2, mahali ambapo mimea inaonekana ya aina moja na si mpakani. Unaandika mahali ulipo kwa kifaa cha satelaiti, mteremko unaelekea wapi, na nyasi zina urefu gani. Kisha unaanza kona moja na kuandika kila mmea uliomo, mkubwa kwa mdogo. Ukimaliza kuandika majina, unakadiria kila mmoja umefunika sehemu gani ya mraba: nusu, robo, asilimia tano, au shina moja tu. Unarudia miraba mitano, unaenda nyumbani na mgongo unaouma.

Waingereza wana utaratibu mzuri wa kuifanya kazi hii imaanishe kitu. Kati ya 1991 na 2000 vilitolewa vitabu vitano vikubwa, chini ya uhariri wa John Rodwell, vinavyopanga jamii zote za mimea ya nchi hii. Ukiwa na orodha yako unaweza kusema: hii ni nyasi ya chaki ya aina fulani, haijaguswa na plau kwa muda mrefu, au hii ni nyasi iliyotiwa mbolea, imeharibika. Na tangu 2015 kuna mpango wa kitaifa ambao mtu yeyote anaweza kujiunga nao. Unapangiwa eneo la kilomita moja ya mraba, unachagua viwanja vidogo ndani yake, kwenye nyasi vikiwa mita 5 kwa 5, na unavitembelea mara mbili kwa mwaka. Hauulizwi cheti cha botania. Anayejua mimea michache anaandika hiyo michache.

Jambo lililotushangaza sote, hasa sisi tuliokulia penye mashamba, ni kwamba udongo mbaya ndio wenye maua mengi. Chini ya uwanda ule kuna mwamba wa chaki, na juu yake udongo mwembamba wenye vipande vya gumegume. Maji hayatuami, rutuba ni haba. Kwa mkulima hilo ni balaa, lakini kwa mimea midogo ni neema, kwa sababu hakuna hata mmoja anayepata chakula cha kutosha kunenepa na kuwafunika wenziwe. Wanaishi wakibanana. Kwenye nyasi za chaki zilizo nzuri, mita moja tu ya mraba inaweza kuwa na spishi 40. Tia mbolea hapo, na baada ya miaka michache utakuta nyasi ndefu tatu nne zimetawala, na wale wengine wamekufa kimya kimya kwa kukosa jua.

Mbolea na plau ndizo zilizoipata England na Wales. Kati ya miaka ya 1930 na 1984 nchi hizi mbili zilipoteza kama asilimia 97 ya malisho yao yenye maua. Wakati wa vita vya pili vya dunia serikali ilihimiza kulima kila panapolimika ili watu wasife njaa, na baada ya vita kilimo hakikurudi nyuma. Hata karibu kabisa na Stonehenge plau ilipita juu ya makaburi ya kale. Yale matuta ya mviringo mnayoyaona yamesimama kwenye upeo wa macho ni yale yaliyosalimika. Mengine yamesawazishwa, na leo huonekana tu kutoka angani kama vivuli.

Ndiyo maana kuanzia miaka ya 2000 wenye dhamana ya ardhi ile, yaani shirika la National Trust, walianza kuyarudisha mashamba kuwa nyasi. Inalindwa historia iliyo chini, na yanarudi maua juu. Lakini nyasi hazirudi kwa amri. Fosfati ya mbolea hubaki udongoni kwa miaka mingi, na mbegu za mimea mingi ya chaki hazidumu ardhini zikingoja. Lazima ziletwe, kwa kawaida kutoka kwenye nyasi kongwe za jirani, kisha kondoo au ng'ombe waingizwe kwa wakati wake, watolewe kwa wakati wake.

Katika kiangazi chetu cha pili tulipima pande mbili kwa siku moja. Asubuhi tulikuwa kwenye shamba lililorudishwa. Mraba bora ulitupa spishi 12. Mchana tulipanda kwenye mteremko mkali ambao plau haikuweza kuufikia, na mraba wa kwanza tu ukatupa 31. Mmoja wa vijana wetu, mwenye miaka kumi na mitano, ambaye asubuhi nzima alikuwa akiuliza, "Mjomba, hizi si nyasi tu?", ndiye aliyekuwa akiandika. Alipofika ishirini aliacha kuuliza. Alipofika ishirini na tano alianza kututafutia mwenyewe.

Tuliona pale okidi za waridi zenye umbo la piramidi. Tuliona zaatari ya porini ikitambaa juu ya kichuguu cha sisimizi wa manjano. Tuliona *Hippocrepis comosa*, ua dogo la manjano ambalo maganda yake ya mbegu yana umbo la kwato. Viwavi wa aina mbili za vipepeo wa buluu hawali kitu kingine isipokuwa majani yake: likitoweka, nao wametoweka. Tuliona pia *Rhinanthus minor*, ambao mbegu zake zikikauka hulia ndani ya ganda kama kayamba. Huu ni mmea mwizi. Mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya nyasi na kunyonya, nyasi zikadhoofika, maua mengine yakapata nafasi. Wanaorudisha malisho huupanda kwa makusudi.

Mama Mkubwa hakuweza kuinama sana. Tulimwekea kiti cha kukunja pembeni mwa mraba, tukawa tunampelekea majani. Macho yake yamepungua tangu mwaka jana, kwa hiyo hatazami: anasugua jani kwa vidole na kunusa. Tulimpa kijani kimoja chenye meno meno pembeni.

"Hili tango hili," alisema. "Mnanipa tango la nini?"

Ulikuwa mmea uitwao *Sanguisorba minor*, na kila kitabu kinasema vivyo hivyo: ukiuponda unanukia tango. Hakuna kati yetu aliyemwambia. Akaendelea kutueleza kwamba alipokuwa mtoto, kijijini karibu na Tongoni, alitumwa na bibi yake kuchuma majani usiku, bila taa, na kwamba mtoto aliyerudi na jani siye alirudishwa gizani.

Hapo ndipo mjadala wetu ulipoanzia, na haujaisha. Muuguzi wetu, mtu wa Mombasa asiyeficha neno, alisema jioni ile tukiwa garini: "Tunawahesabia Wazungu maua yao. Kwetu nani anahesabu?" Dereva akamjibu kwamba ardhi haina mzungu wala mweusi, na kwamba watoto wetu wamezaliwa hapa, maua haya ni yao. Wote wawili walikuwa na haki, na safari ya saa mbili haikutosha kuwapatanisha.

Tufikirie kidogo maneno ya dereva. Uwanda ule si hadithi ya utulivu wa kiingereza kama kadi za posta zinavyoonyesha. Kaskazini ya Stonehenge kuna eneo la mazoezi ya jeshi, kama hekta 38,000, ambalo serikali ilianza kulinunua mwaka 1897. Novemba 1943 wanakijiji wa Imber waliambiwa wahame ili askari wafanye mazoezi, nao hawakurudishwa mpaka leo. Kwa sababu jeshi halikulima wala kutia mbolea sehemu kubwa ya ardhi ile, ndiyo leo yenye uwanda mkubwa kuliko wote wa nyasi za chaki uliobaki kaskazini-magharibi ya Ulaya. Tangu 2004 amekuwa akirudishwa huko tandawala mkubwa wa Ulaya, ndege aliyekuwa ametoweka Uingereza tangu miaka ya 1830. Anayetoka Serengeti akimwona atamjua ukoo wake mara moja. Uzuri wa maua na uchungu wa watu waliohamishwa vimo katika ardhi moja, na sisi tuliotoka nchi zenye hifadhi kubwa tunalijua jambo hilo bila kufundishwa.

Na kuna barabara, ambazo ndizo riziki yetu. Barabara ya A344 ilikuwa ikipita karibu kabisa na mawe, ikikata njia ya kale iliyokuwa ikiingia kwenye duara. Mwaka 2013 ilifungwa, lami ikang'olewa, pakapandwa nyasi. Katika miaka yote ya kazi tumejenga barabara nyingi, na kuifuta moja namna ile tulikuwa hatujakuona. Barabara nyingine, A303, bado inapita chini ya mita 200 kutoka kwenye mawe, na msongamano wake mnaujua. Mpango wa kuipitisha chini ya ardhi ulibishaniwa kwa miaka mingi na kufikishwa mahakamani, mpaka serikali ikaufuta Julai 2024. Sisi wahandisi hatukukubaliana juu ya mpango ule, na hatukubaliani hata sasa. Tulikubaliana jambo moja tu: upande wowote uliotaka kusema chochote juu ya ardhi ile ulihitaji orodha. Kulikuwa na nini pale, wapi, kiasi gani, mwaka gani. Mahali pasipo na orodha mtu yeyote anaweza kupaita patupu.

Hata nyasi zenyewe ni orodha ya namna yake. Katika kiangazi kikavu cha 2013 mpira wa maji wa pale Stonehenge haukufika upande mmoja wa duara. Nyasi za upande huo zikaanza kukauka kwa mabaka. Mfanyakazi mmoja aliyatazama mabaka yale akagundua kwamba yamekaa mahali ambapo mawe yangekuwa yamesimama kama duara lingekuwa kamili. Kwa miaka mingi wataalamu walibishana kama duara lile lilikamilishwa au la. Mizizi ya nyasi ilikuwa na lake la kusema.

Sasa tuyachukue maneno ya muuguzi. Kwetu nani anahesabu?

Si kweli kwamba hakuna. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, na huko mti na historia havitenganishwi. Gede, ambayo magofu yake yamo ndani ya msitu, iliingizwa 2024, na tangu 1993 mradi wa Kipepeo umekuwa ukiwawezesha wanakijiji wa jirani kupata fedha kwa kufuga vipepeo badala ya kukata miti. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, zikaondolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Lakini magofu madogo ya pwani yetu ni mengi, na katika mengi mimea hutajwa kama adui tu: mizizi inayopasua ukuta, kichaka cha kufyeka. Na ni kweli mizizi hupasua ukuta. Hata hivyo kufyeka si kujua.

Tongoni ni mfano wetu. Jina lenyewe latokana na tongo, yaani mahame. Pale kuna gofu la msikiti na makaburi ya mawe, mengine yenye nguzo, bahari ikiwa karibu. Majira ya baridi yaliyopita, mikutano yetu ilipohamia sebuleni kwa Mama Mkubwa, tulimwomba atutembeze Tongoni kwa mdomo: kutoka barabarani mpaka makaburini, mpaka ufukweni, na kila hatua atuambie mguu unakanyaga nini. Ilichukua jioni nne. Ukoka, ndago, mbigili, kivumbasi, mtunguja, mgagani, upupu ambao alisimulia ulivyowaadhibu wezi wa maembe. Tuliandika majina 63. Mengine yalikuwa ya Kidigo na Kibondei, naye alituambia lipi ni la nani. Katika hayo 63, sisi wanne tulijua 19. Watoto wetu walijua mawili, na moja lilikuwa mchicha.

Majina 44 yaliyobaki, katika chumba kile, yalikuwa kichwani mwa mtu mmoja. Tena majina hayatoshi. Mama Mkubwa ameondoka kijijini mwaka 1974. Hatuwezi kujua kama mmea anaouita hivi ndio ule unaoota pale leo mpaka mtu asimame pale na jani mkononi, na yeye awe bado yupo wa kuulizwa. Picha ya simu haina harufu, lakini jani lililokaushwa vizuri ndani ya gazeti huhifadhi kiasi, na vidole vyake bado vinasoma.

Kwa hiyo tuna ombi. Wengi wenu mtakwenda likizo nyumbani Julai na Agosti. Karibu na kwenu kuna gofu, kaburi la kale, msikiti uliobomoka, kaya, au mti wa tambiko. Chukueni kamba ya mita nane na vigingi vinne. Ombeni ruhusa kwa mwenye eneo na kwa wazee, na msing'oe kitu mahali panapolindwa: picha itatosha. Andikeni tarehe, mahali, na kila mmea kwa jina ambalo mtu wa pale analitumia, pamoja na lugha ya jina hilo. Asiyejua jina aandike "sijui" na apige picha ya jani pande zote mbili, ua na tunda. Mpelekeeni nakala mwalimu wa shule ya hapo, msije nazo huku peke yake.

Kwa watakaobaki, mkutano wetu ujao wa nyasi ni mwezi wa Juni, Jumamosi ya pili, mvua isiponyesha sana. Leteni chai na viatu vya matope. Watoto wanaoandika haraka wanakaribishwa sana. Mama Mkubwa amesema atakuja, na kwamba safari hii ameshachoka kukaa pembeni. Tumtafutie kiti kifupi zaidi, afikie chini.